Ndege ya rimoti ya kuanzia: chagua kwa kufuata hewa ya Kitale na Bungoma

Maduka ya mtandaoni huandika maneno "inafaa wanaoanza" kwenye karibu kila boksi la ndege ya rimoti. Mnunuzi wa Kitale au Bungoma asitosheke na maneno hayo. Ndege nyingi kati ya hizo zimebuniwa na watu wanaorushia kwenye nyanda za chini, na sisi tunaishi juu. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Ukilinganisha na Mombasa, hewa ya Kitale ina uzito wa takriban asilimia 83 tu, na ya Bungoma asilimia 87. Jua likiwaka, hewa hiyo huwa nyepesi zaidi.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halina budi kupita kwa kasi zaidi ndipo libebe uzito uleule. Ndege inayoweza kuelea kwa kilomita 25 kwa saa pale Mombasa itahitaji kilomita 27 au zaidi ikifika Kitale. Kilomita mbili huenda zikaonekana kidogo, lakini anayejifunza hushindwa hasa na kasi: akili haijazoea, vidole vinachelewa, na ndege imeshafika kwenye miti kabla hajaamua aelekee wapi. Kwa hiyo sharti la kwanza la kuchagua ndege kwa watu wa huku ni wepesi. Rangi, umbo na bei vifuate baadaye.

Wepesi huo unapimika, na vipimo vyenyewe kwa kawaida vimeandikwa kwenye tangazo. Chukua uzito wa ndege ikiwa tayari kuruka, pamoja na betri, kwa gramu. Kisha tafuta eneo la mabawa: urefu kutoka ncha hadi ncha mara upana wa bawa. Bawa la sentimita 110 kwa 18 lina sentimita mraba 1,980, yaani karibu desimeta mraba 20. Ndege hiyo ikiwa na gramu 600, kila desimeta mraba inabeba gramu 30. Kwa maoni yangu, mtu wa Kitale anayeanza asizidi gramu 30 kwa desimeta mraba, na ikiwa 20 ni bora zaidi. Wa Bungoma anaweza kuongeza kidogo. Ukiona hesabu inafika 40, iache ndege hiyo hata kama muuzaji anaisifu vipi. Na kama tangazo halitaji uzito wala kipimo cha mabawa, hilo peke yake ni sababu ya kutafuta kwingine.

Baada ya uzito, tazama umbo. Ndege ya kujifunzia huwa na bawa lililokaa juu ya kiwiliwili, na ncha za mabawa zimeinuka kidogo kuliko katikati. Mwinuko huo una kazi. Ndege ikilala upande mmoja na kuanza kuteleza kuelekea huko, bawa la chini hupigwa na hewa kwa pembe kubwa zaidi, linapata nguvu ya kupanda, na ndege inajirudisha sawa yenyewe hata kama mrushaji ameduwaa. Mkia uwe mrefu wa kutosha, kwa kuwa mkia mfupi huifanya ndege iwe na papara, pua ikipanda na kushuka kwa kila mguso mdogo wa rimoti.

Mahali pa propela napo pana umuhimu wake. Ndege nyingi nzuri za kuanzia zina mota iliyowekwa juu ya bawa au nyuma yake, ikisukuma badala ya kuvuta. Siku za mwanzo utatua kwa pua. Hilo halina mjadala. Propela ikiwa mbele, inavunjika yenyewe au inapinda ekseli ya mota. Ikiwa nyuma, kinachogonga ardhi ni foma tu, na foma hushikana kwa gundi. Vijana wengi huvutiwa na ndege za vita kama Spitfire na Mustang, au zile zenye sura ya jeti. Hizo zina bawa la chini, ncha nyembamba na uzito mwingi. Ukipunguza mwendo kidogo, bawa moja linaacha kubeba ghafla na ndege inapinduka. Ziache mpaka uwe umezoea.

Kuna aina nyingine ya kuepuka ambayo wazazi huinunua kwa nia njema kwa sababu ya bei: ndege ndogo za mota mbili zisizo na kibao chochote kinachosogea kwenye mkia. Hukata kona kwa kuongeza nguvu mota moja na kupunguza nyingine, na hupanda kwa kuongeza mota zote mbili. Ndani ya ukumbi mkubwa zinaruka vizuri. Nje, upepo mdogo unazibeba na huna njia ya kuzielekeza. Mtoto akipoteza ndege yake ya kwanza namna hiyo huamini kwamba hawezi, kumbe chombo chenyewe ndicho kisichoweza.

Ndege ya kuanzia iwe na njia tatu za kuongozwa: nguvu ya mota, usukani wa mkia wa kugeuza kushoto na kulia, na kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua. Njia ya nne ni ya aileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande. Aileroni si mbaya, lakini bawa lenye ncha zilizoinuka halizihitaji kwa mafunzo ya kwanza. Njia tatu zina sevo chache (vile vimota vidogo vinavyosogeza vibao), waya chache, uzito mdogo na mambo machache ya kuharibika. Kwa upande wa rimoti, chagua ya masafa ya 2.4 GHz, na ambayo mkono wa kushoto ndio unaoshika nguvu ya mota, kwa kuwa mpangilio huo ndio ulioenea na itakuwa rahisi kupata mtu wa kukufundisha.

Mifano mitatu itasaidia. AeroScout ya HobbyZone ina mabawa ya takriban mita 1.1, propela ya kusukuma, magurudumu yenye gurudumu la pua, na jairo inayozuia ndege kulala kupita kiasi. Ni chombo kizuri kwa mwenye uwanja mpana na pesa za kutosha, na uzito wake unaifanya istahimili upepo kidogo. Lakini kwa hewa ya Kitale haiendi polepole. EasyStar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani ina sura ya ndege ya kuelea bila mota, propela yake imekaa juu nyuma ya bawa, na imefundisha watu wengi sana duniani. Haina magurudumu, hurushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo, jambo ambalo linafaa kabisa kwenye nyasi na mabua yetu. Wa tatu ni Tiny Trainer ya Flite Test, kikundi cha Marekani kinachotoa ramani zake bure mtandaoni. Hiyo hainunuliwi ikiwa imekamilika. Unaikata mwenyewe kutoka kwenye ubao wa foma uliofunikwa karatasi pande zote mbili, ule wanaoutumia kutengenezea mabango ya maonyesho ya sayansi.

Nikiulizwa nichague moja kwa kijana wa Bungoma au Kitale mwenye mikono ya kazi, nitachagua hiyo ya tatu, na sababu yangu kuu ni matengenezo. Ndege ya boksi ikivunjika bawa, unaagiza bawa, na bawa linasafiri wiki kadhaa. Ndege ya ubao wa foma ikivunjika, unaenda duka la vifaa vya ofisi, unarudi na ubao, unaukata kwa kisu kikali na kuuunga kwa gundi ya moto. Vijiti vya mishikaki huimarisha kiwiliwili, spoki ya baiskeli hunyooshwa ikawa waya wa kusukuma usukani, na kadi ya plastiki iliyokwisha muda hukatwa vipembe vya kushikia waya huo. Mota, sevo, kipokezi na betri hubaki vilevile na kuhamishiwa ndege mpya. Tahadhari moja tu: ile gundi kali ya maji, ya kukauka kwa sekunde, huyeyusha aina nyingi za foma nyeupe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Wenye kuelewa pikipiki na trekta watauliza kama mota nayo inaishiwa nguvu huku juu. Injini ya petroli inaishiwa, kwa sababu inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo yenyewe haidhoofiki. Kinachodhoofika ni propela: inazunguka vizuri lakini inashika hewa kidogo. Kwa kuwa hewa nyepesi pia inaipa mota kazi ndogo zaidi, ndege nyingi za umeme zinaweza kufungwa propela kubwa kidogo kuliko iliyokuja nayo, mradi iingie bila kugusa kiwiliwili. Baada ya kuibadilisha, endesha mota dakika mbili, izime, utoe betri, kisha gusa mota na betri. Zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, rudisha propela ya awali.

Betri inataka heshima kuliko sehemu nyingine yoyote. Ndege hizi hutumia betri za lithiamu polima, laini kama pakiti ya maziwa, na zikiumizwa au zikichajiwa vibaya huwaka moto mkali usiozimika kirahisi. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, na isipitishwe hapo. Ukiruka mpaka seli ikashuka chini ya volti 3.3 unaiua betri polepole. Ukimaliza kuruka na hutaruka kesho, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Tumia chaja inayosawazisha seli, na uchaji kwa mkondo usiozidi uwezo wa betri yenyewe: iliyoandikwa 1300mAh ichajiwe kwa ampea 1.3. Iweke ndani ya chungu au sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na mapazia, godoro na jiko, na mtu mzima awe macho. Kuchaji usiku mkiwa mmelala ni hatari kwa nyumba nzima. Ikivimba, imekwisha, usiitoboe wala usiirudishe kazini.

Kwa wanaoishi mahali ambapo stima hukatika au haijafika, habari njema ni kwamba chaja nyingi za aina hii hukubali umeme wa volti 12 kutoka betri ya gari au ya sola.

Betri hizi pia ndizo zinazochelewesha mizigo. Tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na wauzaji wengi wa ng'ambo hukataa kuzituma. Kwa hiyo agiza ndege isiyo na betri, halafu nunua betri hapa nchini. Barabara ya Luthuli, Nairobi, ina maduka mengi ya vifaa vya elektroniki; omba picha ya betri yenyewe na ya plagi yake kabla ya kulipa, kwa sababu plagi za betri za ndege ni za aina nyingi na zisipolingana utahitaji fundi wa kuchomelea. Nunua betri mbili. Propela nunua nne au tano.

Kabla vifaa havijafika, anza kujifunza kwenye simu. PicaSim ni programu ya bure ya kuigiza ndege za rimoti, na inafanya kazi kwenye Android. Kuna jambo moja ambalo huangusha karibu kila anayeanza, na hilo unaweza kulimaliza kwenye simu bila hasara. Ndege ikiwa inakwenda mbele yako, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka na kukujia, mambo yanabadilika: ukisukuma kushoto, unaiona inakwenda kulia. Mtu akichanganyikiwa hapo huongeza kosa badala ya kulipunguza, na ndege hujizungusha mpaka chini. Dawa yake ni hii: ndege ikikujia, tazama bawa gani limeshuka, kisha usukume kijiti kuelekea upande wa bawa hilo. Litainuka. Rudia mpaka vidole vifanye bila kuuliza kichwa.

Sasa uwanja. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na mahindi yakisimama shambani hakuna pa kutulia. Msimu mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Desemba hadi Februari, mashamba yakiwa wazi na mvua imekatika. Mwombe mwenye shamba ruhusa. Wengi hukubali mkiulizana kwa adabu. Bungoma kuna miwa, ambayo haina msimu mmoja wa kuvunwa, na ndege ikianguka katikati ya shamba la miwa iliyokomaa huenda usiione tena. Huko tafuta uwanja wa shule siku ya Jumamosi, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Uwanja mmoja wa kandanda unatosha ndege ndogo ya polepole. Kwa ya mita 1.1 tafuta nafasi ya viwanja viwili au zaidi, pasipo nyaya za stima pembeni. Ndege ikinasa kwenye nyaya, iache hapo na uite kampuni ya umeme. Usirushe jiwe, usitumie mti wala bomba.

Saa nzuri ni asubuhi mapema. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi hewa ya huku kwa kawaida imetulia. Jua likishapanda, ardhi inapata joto, upepo unaanza kupuliza kutoka pande tofauti, na msimu wa mvua mawingu ya ngurumo hujikusanya mchana kutoka upande wa Mlima Elgon. Ukisikia radi, hata ya mbali, shusha ndege na uondoke uwanjani.

Siku ya kwanza, usiwashe mota mapema. Funga betri mahali pake, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kidole kimoja kila upande, karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikae sawa au pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Ndege yenye mkia mzito hairukiki, hata kwa rubani hodari. Hatua inayofuata ni kusimama penye nyasi ndefu ukiwa umeelekea upepo, na kuisukuma taratibu ikiwa sawa kama anayerusha mshale wa karatasi, bila kuielekeza juu. Inapaswa kuteleza mita kumi au zaidi na kutua yenyewe. Ikipanda kisha ikaanguka, pua ni nyepesi. Ikichomoka moja kwa moja chini, pua ni nzito. Rekebisha, rudia. Kisha mtu mmoja ashike ndege, wewe utembee na rimoti hatua kadhaa ukihakikisha vibao vinatii na vinakwenda upande sahihi. Hapo ndipo uwashe mota na kurusha, upande haraka hadi urefu wa mti mkubwa, kwa kuwa urefu ndio unaokupa muda wa kusahihisha kosa.

Na sheria ipo. Kenya ina kanuni za 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini, KCAA. Watu hudhani zinahusu droni za propela nne zenye kamera pekee. Ndege yenye mabawa inayoongozwa na mtu aliye chini nayo ni chombo kisicho na rubani ndani yake, kwa hiyo usikubali neno la muuzaji kwamba "hiki ni kidoli tu". Kanuni hizo zinahitaji idhini ya kuingiza chombo nchini na kukisajili, mmiliki awe na miaka 18 au zaidi, kisipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani karibu mita 120, na kikae angalau mita 50 mbali na watu na majengo. Iandikie KCAA kabla hujalipa, eleza ukubwa na uzito wa ndege unayoitaka, na utunze jibu lao. Mzigo uliokwama forodhani kwa kukosa kibali ni hasara tupu.

Kitale ina kiwanja cha ndege, na Webuye kuna kile cha Matulo. Ndege halisi hushuka chini sana zinapokaribia kutua. Mimi nashauri umbali wa kilomita 10 au zaidi kutoka viwanja hivyo, pia usirushe karibu na magereza, vituo vya polisi na mpaka wa Uganda upande wa Lwakhakha. Mjulishe chifu mapema; itakuepusha na maswali siku ambayo wanakijiji wataona kitu kinazunguka angani.

Walimu wa fizikia na wasimamizi wa vilabu vya sayansi, nina ombi kwenu. Shule ya Mang'u imefundisha somo la usafiri wa anga kwa miaka mingi, na mtaala mpya umeliweka somo hilo kati ya masomo ya ufundi ya mkondo wa STEM katika shule za sekondari ya juu. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma wasisubiri mpaka mtu awajengee karakana. Seti moja ya mota, sevo, rimoti na betri inatosha klabu nzima, na kila kundi linaweza kujenga ndege yake ya foma na kuirusha kwa zamu. Andikeni barua KCAA muhula huu, ili mavuno yatakapoisha muwe na kibali mkononi.